Nani anakula firigisi? Mwongozo kamili wa kuandika insha na hadithi fupi kuhusu mfumo dume na uanaume

Jumamosi alasiri huwa tunakutana watu wanane au tisa nyumbani kwa mmoja wetu hapa Nyalenda, Kisumu, tukisomeana tulichoandika. Wengi wetu ni wanawake, na wanaume wawili wamedumu nasi tangu mwanzo. Mada inayorudi mara nyingi zaidi ni ya mfumo dume. Kwa muda mrefu rasimu zetu zilifanana kama maharagwe ya gunia moja: mume mlevi, mke mvumilivu, kipigo, halafu mke anaondoka au mume anakufa. Hadithi ikisomwa, watu hutikisa vichwa na kusema "haya yapo," chai inamiminwa, kila mtu anarudi kwake bila swali jipya moyoni.

Kasoro, kwa maoni yangu, iko mahali pamoja. Tunamwandika mwanaume mbaya na kuuacha mpangilio unaoufanya ubaya wake uonekane jambo la kawaida. Mwanaume mbaya akifa, hadithi imekwisha. Mpangilio hauzikwi naye. Siku ya matanga yake ndipo unapoketi kiti cha mbele na kuanza kugawa mali. Mwongozo huu ni njia tuliyojifunza polepole ya kuuandika huo mpangilio, kwa insha au kwa hadithi.

Hatua ya kwanza: tafuta kitu kinachoshikika

Usianze na neno "mfumo dume", wala "taasubi ya kiume" tuliyoizoea kwenye maswali ya mtihani. Anza na kitu cha kushika mkononi.

Changu kilikuwa firigisi. Nilikulia upande wa Kakamega, na kwetu Uluhyani kuku akichinjwa, firigisi, imondo kwa lugha ya nyumbani, ni ya baba mwenye boma. Mama aliipasua kwa kisu kidogo, akaubandua ule utando wa manjano, akaisugua kwa chumvi, kisha akaiweka juu kabisa ya bakuli ili baba akifunua kifuniko aione kabla ya kitu kingine chochote. Zamani ilikuwa ngumu zaidi: mwanamke hakula kuku wala yai. Bibi yangu alifuga kuku maisha yake yote. Aliwajua kwa rangi na kwa tabia, na hakuwahi kuonja hata mmoja. Hakuna aliyesimama na fimbo jikoni kumzuia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha sisi wasichana jinsi ya kuipanga bakulini.

Nipe hiyo firigisi na nitakuonyesha boma zima: nani anafanya kazi, nani anapewa heshima, nani anafundisha sheria ambayo hakuiandika, na mtoto anajifunzaje bila kuambiwa neno.

Wajaluo wana ramani ya boma, nayo inajiandika yenyewe. Mvulana akibalehe hujengewa simba, nyumba yake karibu na lango. Msichana hajengewi; zamani alilala kwa bibi, katika siwindhe, na huko ndiko hadithi zilikosimuliwa usiku. Sababu inayotolewa ni kwamba yeye ataondoka. Akifa kabla ya kuolewa, mila ilitaka azikwe nje ya ua. Mwandishi akichora ramani hiyo kwa uaminifu, mlango kwa mlango, hadi pale nje ya ua, hana haja ya kuongeza kilio.

Fanya hivi: chukua daftari, andika vitu kumi vya nyumba uliyokulia. Ni kiti gani kilikuwa hakikaliwi? Nani alinawishwa mikono, na nani alishika birika? Nani aliamka mlango ulipobishwa usiku? Hati ya shamba ilikuwa na jina la nani, na ilifichwa wapi? Pesa za chama cha mama zilipita kwenye simu ya nani? Kati ya kumi, chagua kile unachokionea haya ukikiandika. Hicho ndicho chenye hadithi.

Hatua ya pili: fuata mpangilio hadi unakoishia

Insha au hadithi? Mimi hujiuliza hivi: kama nataka kuonyesha jambo linavyofanya kazi na nina ushahidi, naandika insha. Kama kuna mtu ndani ya jambo hilo ambaye bado simwelewi, naandika hadithi. Hasira peke yake haitoshi kwa yoyote kati ya hizo mbili, ingawa ni haki yako kuwa nayo.

Kwa insha, shika uzi mmoja na usiuachie. Chukua jaboya, ule utaratibu wa fuo za ziwa letu, Victoria, ambapo mwanamke mchuuzi anatakiwa kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Insha dhaifu itasema wavuvi hawana maadili. Insha inayofuata uzi itauliza: mashua ni ya nani? Nyavu na injini? Nani hulipwa kwa siku na nani hulipwa kwa fungu la samaki? Omena, wale dagaa wa ziwani, akipungua majini, wanawake wangapi wanangoja mashua moja bichini saa kumi na moja alfajiri? Na ile imani kwamba mwanamke akipanda mashua analeta mkosi inamfaidi nani? Ukifika hapo unaona kwamba imani, mtaji na mwili vimefungwa kwa kamba moja. Unaelewa pia kwa nini vikundi vya wanawake vilivyopata mashua zao wenyewe vilibadilisha mazungumzo bichini zaidi kuliko mahubiri ya miaka mingi.

Uzi mwingine ni sheria, na hapa usikisie. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Kifungu cha 45 kinawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani yake na inapovunjika. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haikutenganisha mtoto wa kiume na wa kike katika kugawa mali ya marehemu asiyeacha wosia. Lakini iliandika pia kwamba haki ya mjane kutumia mali iliyobaki ingekoma akiolewa tena, na mwanaume aliyefiwa haikumwekea sharti hilo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kupika, kulea watoto na kulima kuwa mchango. Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema hakuna kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja; kila mmoja athibitishe alichochangia. Hebu jiulize: mwanamke aliyepika ugali kwa miaka ishirini na mbili atathibitisha vipi? Hiyo ni insha nzima ikisubiri mwandishi.

Kuna kesi moja ambayo kila anayeandika kuhusu mambo haya huku magharibi anapaswa kuijua. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Ngong. Ukoo wake wa Kijaluo, Umira Kager, ukasema mwana wao atazikwa Nyalgunga, Siaya. Mambo yalikwenda kortini hadi Mei 1987, Mahakama ya Rufani ikaamua upande wa ukoo, na marehemu akazikwa baada ya miezi mitano. Swali la mwandishi: mke ni mtu wa boma au ni mgeni wa muda mrefu? Lakini ukiiandika kesi hiyo, usifiche kwamba ndani yake kulikuwa pia na ukabila na siasa. Insha ya kutetea wanawake inayochagua sehemu tamu za ukweli inawapa wapinzani kisu.

Hatua ya tatu: mwandike mwanaume mzima

Hapa ndipo rasimu nyingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Uanaume hufundishwa, hupimwa hadharani, na mtu anaweza kunyang'anywa. Nenda Bungoma Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana wa Kibukusu hupelekwa mtoni kungali giza, anapakwa tope baridi mwili mzima, anarudishwa nyumbani katikati ya umati unaoimba, anasimama wima. Kisu kinafanya kazi chini, lakini macho ya watu yako juu, usoni pake. Kope zisicheze. Mjomba anatazama, shangazi anatazama, wasichana wa kijiji wanatazama. Atakayetikisika atakumbukwa hivyo hata akiwa na wajukuu.

Usiidhihaki sherehe hiyo. Kijana anapata marika, anapata zawadi, anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba watu wote hawa wametoka kwa ajili yake. Andika fahari hiyo kwa upendo. Halafu andika somo lililopita kimyakimya pamoja nayo: maumivu hayasemwi. Mchukue kijana huyohuyo, mfikishe miaka thelathini na minne, muweke steji ya bodaboda ya Kondele, hapa Kisumu, juu ya pikipiki ya mtu mwingine ambayo lazima ailipie kila jioni, apate au asipate abiria. Ana mahari aliyoahidi na hajamaliza. Mkewe anauza nguo za mitumba soko la Kibuye na siku hizi ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Hana neno hata moja la kusema anavyohisi. Ana "jikaze" tu.

Sasa tazama rasimu mbili. Ya kwanza ni kama tulizokuwa tukiandika:

"Ouma alikuwa mlevi na katili. Kila siku alimpiga mkewe bila sababu. Hakuwathamini wanawake."

Ya pili:

"Ouma aliingia saa mbili usiku, akaketi kwenye kiti chake. Watoto walipunguza redio bila kuambiwa. Mkewe alimnawisha mikono, akaweka ugali, akaweka bakuli. Ouma alifunua kifuniko, akatazama ndani kwa muda. 'Firigisi iko wapi?' Hakupaza sauti. Mtoto mdogo aliacha kutafuna."

Hakuna aliyepigwa katika rasimu ya pili, na bado tunajua kwamba katika nyumba hii watu hupigwa. Redio imetuambia. Tunajua pia kwamba Ouma anatafuta bakulini heshima aliyoikosa steji. Anaeleweka, na anatisha zaidi kwa sababu anaeleweka.

Kwa kila mhusika wa kiume, jibu maswali haya kwenye karatasi ya pembeni, hata kama majibu hayataingia katika hadithi: Nani alimfundisha kutolia, na kwa maneno gani? Anadaiwa nini? Ni mwanaume gani mwingine anayemwogopa? Akionekana akianika nguo za mtoto, jirani yupi atacheka? Na la mwisho, ambalo waandishi wapole hulisahau: mpangilio huu unampa nini ambacho hataki kukiachilia? Hilo ni lazima. Ukimwandikia Ouma majonzi ukasahau faida anazopata, huruma yako imefuta deni la mkewe. Umaskini unaeleza hasira yake. Hauelezi kwa nini hasira hiyo haimfikii mwenye pikipiki.

Kuna pia mama mkwe na shangazi. Utasikia kila mahali kwamba "adui wa mwanamke ni mwanamke." Usiandike sentensi hiyo kama hitimisho, ichunguze. Mama mkwe aliingia boma hilo akiwa mgeni, akapata cheo chake chote kupitia mwanawe. Mkaza mwana akipata sauti, cheo hicho kinayumba. Anayemwambia mjane kwamba asipopata jater, mwanaume wa kumrithi, atawaletea watoto chira, ile laana ya kuvunja mwiko, mara nyingi ni mwanamke mzee aliyepitia hayohayo naye akaamini. Mpe hofu yake. Mpe kumbukumbu ya siku alipoambiwa yeye.

Hatua ya nne: kagua Kiswahili chako

Lugha yetu imebeba mpangilio ndani ya vitenzi. Mwanaume huoa, mwanamke huolewa. Andika "Akinyi alimwoa Ouma" usikie sikio linavyokataa. Mhusika wako akisema hivyo mbele ya wazee, umepata tukio bila kutafuta. Na ukitaka wawe sawa, "walioana" ipo tayari.

Pitia rasimu yako ukipigia mstari kila kitenzi cha kutendwa. "Alipigwa." Na nani? "Alifukuzwa nyumbani." Na nani, na nani alisimama mlangoni akitazama? Katika kauli ya kutendwa mtendaji anaweza kutoka chumbani kimya, tukabaki na mwanamke na majeraha yake kana kwamba yalishuka na mvua. Kuna na "msichana alipata mimba", kama mtu aliyepata mafua. Kama ni mwalimu wake aliyemtia mimba, sentensi iseme hivyo. Wakati mwingine mhusika mwenyewe ndiye anayeficha, na hapo kauli ya kutendwa ni silaha nzuri: mama anasema "niliumizwa kidogo" na msomaji anasikia jina alilolimeza.

Angalia "kusaidia". Tukiandika "Baraka humsaidia mkewe kufua," tumeshaamua kufua ni kwa nani. Andika tu kwamba Baraka hufua. Angalia "jikaze kiume" na "maneno ya kike". Angalia pia methali. "Mke ni nguo, mgomba kupalilia" huchukuliwa kama ushauri mwema kwa mume, kwamba amtunze mkewe. Lakini jembe liko mkononi mwa nani, na mgomba unasema nini? Mpe mhusika mzee methali hiyo arusini, halafu umpe bibi harusi dakika moja ya kimya baada yake.

Kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake, Mama Otis, Mama Njeri, ni heshima huku kwetu na usiifanye minyororo kwa lazima. Ila jaribu hadithi ambayo jina lake mwenyewe linatokea mara moja tu, pengine kwenye kitambulisho anachomwonyesha karani.

Kiswahili pia kina zawadi ambayo lugha nyingi hazina: "yeye" haina jinsia. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili. Andika ukurasa mmoja wa mtu anayeamka, anawasha jiko, anaosha mtoto, anahesabu pesa, anatoka kwenda kazini. Usitaje jinsia yake. Mpe mtu mwingine asome kisha umuulize, "Umeona nani?" Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, sote, mimi nikiwemo, tuliona mwanamke akiwa jikoni na mwanaume akiwa anahesabu pesa, ndani ya mtu mmoja.

Hatua ya tano: soma hadithi moja kama fundi

Grace Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930, na hadithi yake fupi "The Rain Came" inatosha kuwa darasa. Chifu Labong'o ana binti mmoja, Oganda, na mvua imekataa. Mganga wa mvua anasema mizimu imemtaka binti huyo atolewe kwa zimwi la ziwani. Soma mara ya kwanza kwa raha. Mara ya pili, chukua kalamu na utafute mtu mbaya. Hutampata. Baba anampenda. Mama anampenda. Jamaa wanakuja kumpongeza kwa heshima aliyopewa. Watu wema wanamwacha msichana aende kufa. Mara ya tatu, jiulize kuhusu mwisho: Osinda, kijana anayempenda, anamfuata na kumwokoa, na mvua inanyesha. Je, ingekuwaje kama angejiokoa mwenyewe? Je, kunyesha kwa mvua kunasema nini kuhusu ile amri? Swali hili la pili limetugombanisha Jumamosi nzima, na ndilo la kuandikia insha.

Hatua ya sita: kabla hujamwonyesha mtu

Hadithi ya dada yako si yako kwa sababu tu uliishuhudia. Muombe. Akikataa, acha. Akikubali, badilisha mji, kazi, idadi ya watoto, na umsomee kabla ya mtu mwingine yeyote. Huku kwetu habari hutembea kwa matatu, na mwanamke ambaye bado anaishi na mume huyo ndiye atakayelipa kikitambulika ulichoandika. Ukikuta kwamba yule unayemwandika yuko hatarini sasa hivi, weka kalamu chini. Nambari 1195 hupokea simu za dhuluma za kijinsia bila malipo, na 1195 ni muhimu kuliko aya yako.

Kisha soma kwa sauti mbele ya watu, wanaume wakiwepo. Wakikasirika, sikiliza ni sentensi gani iliyowakasirisha. Ikiwa ni ile uliyotoa hukumu, huenda wana haki. Ikiwa ni ile uliyoeleza tu kilichokuwa mezani, iache kama ilivyo.

Hatua ya saba: mwisho wa hadithi

Sisi tumeshakubaliana kuhusu miisho tusiyoitumia tena: ajali inayomuua mume, kazi nzuri inayopatikana Nairobi, mzee mwenye hekima anayesimama na kutoa hotuba. Simamisha hadithi mkono ukiwa bado unafanya jambo.

Mwenzetu mmoja aliandika kuhusu mjane aliyejipikia kuku wiki moja baada ya matanga. Katika rasimu ya kwanza alikula firigisi peke yake, akatabasamu, akajiona huru. Ilipendeza, lakini hatukuamini. Tulimuuliza swali moja: nani mwingine yuko nyumbani? Alirudi baada ya wiki mbili. Sasa kuna mtoto wa kiume wa miaka kumi na tano. Anatoka shule, anaacha mkoba mlangoni, anatembea hadi kiti cha marehemu baba yake na kukikalia kwa mara ya kwanza. Dada yake ameshashika birika la kumnawisha. Mama amesimama na mwiko, firigisi imo ndani ya mwiko, na kijana amenyoosha sahani.